Bia za boga zimetua Moshi na begi la shemeji: tumezionja, hukumu hii hapa

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asimalize bando bure. Ukiwa na ndugu anakuja toka Marekani mwezi wa tisa au wa kumi na begi lake lina nafasi, usimwambie ajaze bia za boga. Alete moja, mbili zikizidi, za kuonja na kupigia stori, nafasi inayobaki aweke Märzen, zile bia za Kijerumani za Oktoberfest, ile sherehe kubwa ya bia ya Munich, na ukishazipata nenda nazo kwa muuza kitimoto wako unayemwamini. Mengine yote nitakayoandika hapa ni maelezo tu ya kwa nini.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nazo: huko kwa wenzetu majani yakianza kupukutika, Septemba mpaka Novemba hivi, viwanda vya bia vinatoa bia za msimu. Wajerumani wana zao za sherehe, Wamarekani wanaziiga hizo hizo halafu wameongeza za kwao za maboga na viungo, na ni kitu kikubwa kwelikweli, kuna watu wanazisubiri mwaka mzima na kuna watu wanazitukana mwaka mzima, na viwanda navyo kwa kuwahi soko vinaanza kuzitoa mwezi wa nane joto likiwa bado limekaza. Huku kwetu utazipata duka gani? Hamna. Nimeuliza Moshi, nimeuliza Arusha kuanzia mjini mpaka Njiro, ukibahatika utakuta za Kijerumani za kawaida, za boga sahau, wauzaji wenyewe wanakuangalia kama umeulizia sabuni ya kunywa.

Mzigo wetu ulikuja na shemeji, alitua KIA kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, chupa na makopo kaviringisha kwenye soksi na mataulo, kopo moja likapasuka humo humo ndani na suti ya harusi ikanukia mdalasini mpaka kanisani. Mke wake bado hajalimeza hilo. Zilizopona tukazikalia jioni pale kwao Shanty Town, mimi, shemeji mwenyewe, jamaa yetu mmoja anayepandisha wageni mlimani ambaye siku hizi anapika bia yake nyumbani (huyu nitamrudia maana naye alikuja na chupa zake), na mtu muhimu kuliko sote, mama mkubwa wake shemeji, toka Kibosho, ambaye mbege anapika tangu sisi tunavaa kaptula na mpaka leo kwake wateja hawakatiki. Kuonja wala hatukumwita. Alikuja kusalimia, tukamwamkia, akakaa, akaona tunavyonusanusa glasi akauliza, "Mnanusa nini, imeharibika?" Basi ndo akawa ameingia kwenye jopo.

Tukaanza na kubwa lao, Pumking ya Southern Tier, kiwanda kiko Lakewood, jimbo la New York. Kilevi asilimia 8.6. Hiyo namba iweke kichwani kwa sababu Kilimanjaro yako ni 4.5 na Safari ni 5.5, sasa wewe ingia na mwendo wako wa Kili uone. Rangi ni ya shaba, inapendeza kwenye glasi, povu linapanda halafu linakata mapema. Harufu sasa, hapo ndo penyewe, yaani glasi haijafika mdomoni umeshapigwa na vanila, mdalasini, kungumanga, na kitu fulani cha biskuti iliyopakwa siagi, mpaka shemeji mtoto wake mdogo akatoka chumbani kuuliza nani anaoka. Funda la kwanza nilisema aisee. La pili bado nzuri. Nilipofika nusu glasi nikawa natafuta maji, sio kwamba ni mbaya, imetengenezwa vizuri sana na unaona kabisa aliyeipika alijua anachotafuta, ila utamu unabaki kwenye meno na ule ukali wa kilevi unakuja nyuma yake taratibu kifuani, na hamna kitu cha kuukata. Mama mkubwa alionja, akaishika mdomoni, akameza, akafikiri. "Hii ni keki," akasema. "Nzuri. Lakini keki mtu anakula kipande."

Shemeji akaanza kutetea mzigo wake, kwamba mama mkubwa hujui, huko kuna mpaka tamasha la bia za boga tupu, na hapo hakudanganya, Seattle kuna kiwanda kinaitwa Elysian walianzisha tamasha lao 2005 na kuna bia wanaitia kabisa ndani ya boga kubwa lililokombwa, wanaligeuza pipa, wanalitoboa wanaweka bomba. Mama mkubwa akauliza swali ambalo mimi nilikuwa naliogopa kuuliza nisionekane mshamba: "Sasa boga lenyewe liko wapi? Mimi sijalisikia."

Na kweli, halipo. Yaani lipo kwenye sufuria, kwenye ulimi halipo. Boga ni maji na wanga, lina utamu kidogo, na utamu wenyewe hamira ikiupata inaula wote inageuza kilevi, kinachobaki ni rangi na uzito kidogo. Sisi tunaokula boga la kuchemsha na chai asubuhi tunajua ladha yake ilivyo ya upole, haiwezi kupigana na kimea. Wale walowezi wa zamani huko Marekani walitia maboga kwenye bia kwa sababu ya shida, kimea cha shayiri kilikuwa adimu na maboga yamejaa shambani, haikuwa mambo ya ladha. Hii ya kisasa ilianza miaka ya 1980 kule Hayward, California, jamaa mmoja anaitwa Bill Owens, mwenye Buffalo Bill's Brewery, alisoma kwamba George Washington naye alikuwa anapikia bia maboga, akalima lake, akapika, akaonja, akakuta hamna ladha ya boga hata ya kusingizia. Alichofanya akaenda dukani akanunua viungo vile wanavyotia kwenye pai ya boga, akavichemsha, akamimina ule mchuzi ndani ya bia. Ikatoka. Tangu hapo dunia nzima inakunywa bia ya viungo vya pai na kuiita bia ya boga. Hata ile kahawa ya Starbucks ya boga iliyotoka 2003 ilikaa miaka haina boga ndani, walikuja kulitia 2015.

Sasa viungo vyenyewe ni vipi? Mdalasini, kungumanga, karafuu, tangawizi, na kingine kitokacho Jamaika ambacho ukikinusa unadhani ni hivyo vitatu vya kwanza vimesagwa pamoja. Unaona tatizo letu hapo. Mmarekani akinusa anakumbuka sikukuu na bibi yake, mtu wa huku akinusa anatafuta vitumbua. Shemeji mwenyewe alikiri kwamba mara ya kwanza kunywa alihisi kama kuna mtu kamwagia bia kwenye chai ya maziwa. Sio kasoro ya bia, ila ukae ukijua unapoingia, pua yako imeshazoea hivi vitu mahali pengine kabisa na itachukua muda kukubali.

Iliyofuata ni Punkin Ale ya Dogfish Head, Milton, Delaware. Hii nimeipenda zaidi. Asilimia 7, rangi ya kahawia, sukari ya kahawia imo, na viungo vimetiwa na mtu mwenye adabu, kimea unakisikia kwanza, kile cha kukaangwa kinachokupa ladha ya ukoko wa mkate, halafu mdalasini unakuja mwishoni unaaga unaondoka. Hii glasi nzima nilimaliza bila kulazimishwa. Ina historia ya kuchekesha pia, jina wamelitoa kwenye mashindano ya kurusha maboga kwa mizinga na manati makubwa huko Delaware, na bia yenyewe ilishinda shindano la mapishi pale 1994 kabla hata kiwanda hakijafunguliwa. Mama mkubwa aliongezwa, na kuongezwa kwake mjue ndo cheti.

Kulikuwa na nyingine, ya kopo, jina naliacha. Viungo vya unga vimebaki chini, ukimimina mwishoni unaona tope, na ladha ni ile ya kijiko cha mdalasini ulichokilamba utotoni ukajuta. Tulimwaga. Pumpkinhead ya Shipyard, ya Portland, Maine, hii ni nyepesi, ya ngano, ya kunywa bila mawazo, na baa za kwao wanakupakia sukari na mdalasini mdomoni mwa glasi. Tulijaribu. Mtoto wa shemeji akalamba glasi zote. Tuendelee.

Ngoja niseme kitu kuhusu baridi kabla sijafika Ujerumani, maana hiki kinabadilisha kila kitu. Ukiingia baa yoyote Moshi mhudumu anakuuliza ya baridi au ya moto, na vijana wote tunasema baridi, tena ile ya kutoa jasho, wazee wanasema moto na sisi tunawacheka. Sasa hizi bia nzito za viungo ukizitoa kwenye friji zikiwa zimeganda hivyo husikii kitu, unasikia utamu na ubaridi basi. Ile Pumking ya pili tuliiacha mezani kama dakika ishirini, ikawa si baridi si moto, na ikafunguka, vanila ikajitenga na mdalasini, ukawa unaweza kuvitofautisha. Wenyewe wanashauri kama nyuzi 10 mpaka 13 hivi. Kwa hiyo wazee wa bia ya moto kwa bia hizi wana haki zao na ninawaomba radhi kwa niaba ya vijana wa Double Road.

Haya, Märzen. Hapa nitakaa.

Shemeji alileta za aina mbili, Paulaner na Ayinger, zote asilimia 5.8. Märzen maana yake ni bia ya mwezi wa tatu, na ina sababu: huko Bavaria mwaka 1553 mtawala alipiga marufuku kupika bia kuanzia tarehe 23 Aprili mpaka 29 Septemba, kwa sababu joto la kiangazi lilikuwa linaharibu bia, enzi hizo hamna friji, hamna mtu anayejua bakteria ni nini, wanaona tu imechachuka vibaya. Kwa hiyo Machi ilikuwa mwezi wa kupika nyingi na kuzipika nzito kidogo ziweze kudumu, zinawekwa kwenye mapango na mahandaki yenye barafu, zinalala kiangazi chote, na kule mwishoni, mapipa yakihitajika kwa bia ya msimu mpya, wanazimaliza zilizobaki. Ndo ikawa bia ya majira hayo. Oktoberfest yenyewe ilianza kama harusi, tarehe 12 Oktoba 1810, Ludwig mrithi wa ufalme wa Bavaria anamuoa Therese, watu wa Munich wakakaribishwa uwanjani na mbio za farasi zikafuata, na uwanja mpaka leo una jina la bibi harusi. Harusi ikageuka ya kila mwaka. Wachaga mnanielewa hapo, harusi nzuri haiishi siku moja. Na pale kwenye mahema ya bia hauzi mtu yeyote tu, ni viwanda sita tu vya Munich vinaruhusiwa, Augustiner, Hacker-Pschorr, Hofbräu, Löwenbräu, Paulaner na Spaten, ndo maana hiyo Ayinger niliyoitaja hapa, inayopikwa kijiji cha Aying nje kidogo ya mji, haiingii, pamoja na ubora wake wote. Siku hizi hata hao sita kwenye mahema wanamwaga ile nyepesi ya rangi ya dhahabu, ile nyekundu ya zamani zaidi inatoka nje kwa chupa, kwa hiyo sisi wa Moshi tulikunywa ya kizamani kuliko wenyewe walioko hemani.

Ladha? Rangi ya asali ya nyuki wakubwa, haina viungo hata chembe, ni kimea tu, maji, hopsi (yale maua machungu ya kutilia bia) na hamira. Harufu ya mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Ukimeza unadhani itakuwa tamu, inaanza tamu kweli, halafu katikati inakauka, uchungu mdogo wa hopsi unakuja unasafisha, mdomo unabaki mkavu unataka tena. Hapo ndo tofauti yote ilipo. Pumking ilitupa kila kitu kwenye funda la kwanza, hii haikutupa kitu cha kupigia kelele ila chupa ikaisha tukiwa bado tunaongea habari za viwanja.

Na kitimoto kikafika. Tulikuwa tumeagiza kilo na nusu kavu, kwa jamaa mmoja anayekaanga vizuri, vipande vina mafuta kidogo pembeni yaliyokauka yakawa magumu, ndizi za kukaanga, kachumbari ya vitunguu vingi, na pilipili mbuzi pembeni na limao. Nilichukua kipande chenye mafuta, nikachovya chumvi, nikatafuna, kabla sijameza nikapiga funda la Paulaner. Jamani. Mafuta yote yakashuka, ule ukoko wa nyama ukakutana na ule ukoko wa kimea, kama wametoka jiko moja. Wajerumani kwenye hizo sherehe wanakula nguruwe wa kuokwa na kuku wa kubanika, wanajua wanachofanya, lakini hawana pilipili mbuzi, na mimi nasema wanapungukiwa. Tulijaribu kitimoto hicho hicho na bia ya boga, maana lazima ujaribu. Karafuu na pilipili mbuzi vikagombana mdomoni, nikaacha. Ile Punkin angalau ilivumilika na ndizi za kukaanga, nusu na nusu, ile sukari ya kahawia na ndizi iliyoungua pembeni walielewana. Na mtori haiendi na yoyote kati ya hizi, msijisumbue.

Onyo kidogo kwa wanaotaka kukwepa habari za begi na kununua ya Kijerumani hapa hapa. Mimi niliwahi kununua supamaketi moja Arusha, siitaji, chupa ya kijani, ilikuwa imepangwa kwenye rafu ya dirishani na jua la mchana linaipiga yote, nimefika nyumbani nafungua inanuka kicheche. Kicheche kabisa. Hii ina sababu yake, mwanga ukiipiga bia yenye hopsi kuna kemikali inavunjika inatoa hiyo harufu, na chupa ya kijani au nyeupe haizuii, ya kahawia inazuia sana, kopo linazuia yote. Kwa hiyo ukikuta bia ya nje kwenye rafu ya dirishani iache hapo hapo hata kama imeshushwa bei, omba ya kwenye boksi kule stoo, na angalia tarehe chini ya kopo au shingoni kwa chupa.

Sasa yule jamaa wa mlimani. Yeye alijifunza kupika bia kwa mteja wake mmoja, mgeni aliyempandisha Kibo, wakawa marafiki, akamtumia vifaa vidogo na hopsi na hamira ya paketi. Kwa hiyo msimu huu akasema na mimi napika ya boga, boga la hapa hapa, alilinunua Mbuyuni. Akalioka kwanza kwenye oveni likatoka rangi, akalichanganya kwenye kimea cha shayiri kwenye maji ya moto, kwa sababu wanga wa boga peke yake haugeuki sukari, unahitaji kimea kiusaidie. Likamganda. Boga likishachemka na kimea linakuwa uji, halichujiki, akakaa usiku mzima na chujio. Safari iliyofuata akaweka makapi ya mpunga, ya huko Chekereni, yanatengeneza njia maji yapite, na hiyo ndo mbinu wanayotumia wenyewe huko nje, sikuijua. Mdalasini wa vijiti, kungumanga alikuna mwenyewe, karafuu akatia kwa mkono. Kwa mkono ndo shida.

Nilifungua chupa yake na matumaini yote. Povu zuri kuliko zote mezani, rangi ya chungwa hasa, na kwa mara ya kwanza jioni ile kulikuwa na kitu cha boga, kidogo, kule nyuma, ladha ya boga lililookwa likaungua pembeni. Halafu karafuu ikaja ikakaa mbele ya kila mtu. Ulimi ukafa ganzi. Harufu ya kliniki ya meno, na sio mfano, ile dawa ya karafuu ndiyo hiyo hiyo madaktari wa meno wanayotumia kutuliza maumivu. Karafuu zetu za Zanzibar na Pemba bado zina mafuta, sio zile zilizolala kwenye kichupa cha duka huko ughaibuni miaka, kwa hiyo kipimo cha kwenye mapishi ya Mmarekani ukikifuata hapa unazidisha, na yeye alizidisha juu ya hicho kipimo. Kitu ambacho wengi hawajui, zipo hamira za bia ya ngano ya Kijerumani zinazotoa zenyewe harufu ya karafuu bila kutia hata kikonyo kimoja. Nimemwambia atafute hiyo, karafuu aziachie pilau.

Mama mkubwa ndo alitoa somo la jioni ile. Aliionja ya jamaa, akaonja tena Pumking iliyobaki kwa chini, akasema mnalalamika viungo, viungo sio shida, shida hamna uchungu. Akaeleza: mbege ndizi mbivu zimechemshwa mpaka zimekuwa nyekundu, zimekaa siku kadhaa, zimechujwa, hiyo ni tamu kupita hizi zenu zote. Mbona watu hawachoki? Kwa sababu ya uji wa kimea cha ulezi uliotiwa msesewa. Gome la msesewa ni chungu la kukunja uso, na ukilipima vizuri mnywaji halioni, anaona tu kwamba kata imeisha na anataka nyingine. "Huyu aliyepika hii ya keki," akasema, "ana mkono mzuri, lakini hana msesewa." Yaani mtu anapika bia kwenye pipa nyuma ya nyumba Kibosho, kaeleza kwa sentensi moja kitu ambacho mimi nilikuwa nazunguka nacho tangu funda la tatu. Kazi ya hopsi ni hiyo hiyo. Märzen imeshinda kwa sababu uchungu wake na utamu wake vimepimana, Punkin imekuja ya pili kwa sababu hiyo hiyo, na Pumking imebaki kuwa kitafunwa.

Jamaa wa mlimani kashatamani kujaribu msesewa kwenye bia yake ya boga. Mama mkubwa kamwambia aende kwake aone kwanza kipimo, asije akaua watu na uchungu baada ya kuwaua ganzi.

Kitu cha mwisho ni majira. Oktoba hapa mjini ni joto la kufa, vumbi, jua linakusubiri mlangoni, na wewe unakunywa bia ya asilimia 8 iliyotengenezwa kwa mtu aliyevaa sweta. Haikai. Hizi bia za viungo wakati wake kwetu ni Julai, ile baridi ya mawingu ambayo mlima hauonekani wiki nzima, tena upande wa juu huko Kibosho au Machame ambako jioni watu wanaota moto jikoni. Zile nzito zinadumu, ukiiweka kwenye kabati lenye giza na pasipo joto inafika Julai bila tabu, viungo vinapungua makali kidogo na kwangu hiyo ni faida. Tumebakiza Pumking moja kwa ajili hiyo, iko kwa shemeji nyuma ya gunia la mchele. Märzen hamna iliyobaki, na usiiweke, inywe mapema ikiwa freshi.

Kwa hiyo oda yangu kwa shemeji mwakani ni hii: Ayinger kwanza, Paulaner pili, Punkin pakiti moja ya kugawana, na asilete kitu chochote chenye picha ya boga linalocheka kwenye lebo mpaka aionje yeye mwenyewe kwanza. Na kila kopo alivalishe soksi mbili mbili. Na atakayekuja kuonja nasi aache gari nyumbani, bajaji mpaka Shanty Town sio hela ya kulia, trafiki pale barabarani wana kile kipimo cha kupuliza na hakijui kama umekunywa keki.